Mtu wa Opus Kumi na Nne

Jioni ya tarehe 2 Juni 1937, watu wawili wako kwenye roshani ya kinanda cha Notre-Dame, Paris. Mmoja ameketi: Louis Vierne, miaka 66, kipofu au karibu na kipofu maisha yake yote, mpiga kinanda wa kanisa kuu hilo tangu 1900. Mwingine amesimama ubavuni mwake. Kazi yake jioni hiyo ni kuvuta na kurudisha stopu, vile vishikio vinavyoamua safu zipi za mabomba zilie na zipi zinyamaze.

Vierne amekwisha kupiga Triptyque, kazi yake mwenyewe. Sasa inafuata sehemu ambayo wasikilizaji wa Paris huingojea kwa hamu: mpigaji anapewa wimbo na kuujengea muziki palepale, bila karatasi. Wimbo umeandikwa kwa Braille. Anaupapasa kwa vidole, anachagua sauti anazozitaka, anatia mguu kwenye pedali.

Anaanguka.

Inasimuliwa kwamba noti moja ya chini ilibaki ikinguruma kanisa zima, maana mguu haukuondoka. Kwa hesabu inayokaririwa tangu siku ile, hilo lilikuwa onyesho lake la 1,750.

Kisa hiki husimuliwa kwa ajili ya aliyekufa, na ni haki yake. Alikuwa ametamani mauti yamkute kwenye kinanda kile kile. Lakini kwa majuma kadhaa sasa, aliyenikaa kichwani ni yule aliyesimama. Jina lake Maurice Duruflé. Alikuwa na miaka 35 jioni ile, ameshapata kila tuzo ambayo mwanamuziki wa Ufaransa wa fani yake angeweza kuitamani, na bado anamvutia mwenzake stopu.

Ataishi miaka 84. Ataacha opus 14, yaani kazi kumi na nne zilizopewa namba.

Kumi na nne tu, kuanzia ujana hadi uzee. Kwa nini?

## Tuzo tano, kurasa chache

Jibu la haraka ni kwamba alikuwa mvivu au hakuwa na kipaji. Halisimami hata dakika moja.

Alizaliwa Louviers, Normandy, tarehe 11 Januari 1902. Mwaka 1912, akiwa na miaka kumi, alipelekwa bwenini katika shule ya kwaya ya kanisa kuu la Rouen. Huko nyimbo za Kigregori, zile za kale za Kanisa zinazoimbwa kwa Kilatini na kwa sauti moja, zilikuwa chakula cha kila siku, hazikungoja sikukuu. Mtoto alizikariri kama mtoto wa madrasa anavyokariri sura, kabla hajajua maana ya yote anayoyatamka. Tuliweke hili akilini, maana kila kitu kitarudi hapa.

Mwaka 1919 alihamia Paris, na 1920 akaingia Conservatoire, chuo cha muziki. Alitoka na tuzo za kwanza tano: kinanda, hamonia, kusindikiza kwa piano, fuga (sauti zinazoingia moja baada ya nyingine na wimbo ule ule), na utunzi. Mwalimu wake wa utunzi alikuwa Paul Dukas, naye alikuwa mtu wa kuchoma kazi zake asizoridhika nazo. Nadhani kijana alijifunza kwa Dukas mambo mawili: kupanga sauti za okestra, na kutoogopa jiko.

Mwaka 1929 akawa mpiga kinanda wa Saint-Étienne-du-Mont, kanisa lililo mlimani nyuma ya Panthéon, lenye sanduku la kinanda lililochongwa miaka ya 1630. Mwaka huo huo alishinda shindano la chama cha Amis de l'Orgue kwa upigaji na ubunifu wa papo hapo. Mwaka uliofuata akashinda la utunzi, kwa Prélude, adagio et choral varié sur le Veni creator, opus 4.

Basi uwezo ulikuwepo. Hata ule wa kubuni papo hapo ulikuwepo, na ulithibitishwa na majaji.

Kilichokosekana ni ile hali ya kujiamini inayomfanya mtu aseme: imetosha, nenda kachapishe.

## Walimu wawili wasioiva chungu kimoja

Kabla na wakati wa Conservatoire, Duruflé alisoma kwa Charles Tournemire wa Sainte-Clotilde, kisha kwa Vierne. Mabwana hawa hawakuiva chungu kimoja, na kila mmoja alimvuta kijana upande wake.

Tournemire alikuwa moto. Jumapili alikaa kwenye kinanda na kitabu cha nyimbo za Kigregori mbele yake, akachukua vipande vya wimbo wa siku, akavipasua, akavirusha hewani, akavishusha vikiwa kitu kingine. Hakurudia. Kati ya 1927 na 1932 alitunga mafungu 51 ya muziki wa kinanda kwa Jumapili na sikukuu za mwaka mzima. Mafungu 51 kwa miaka mitano! Linganisha na opus 14 kwa miaka hamsini, na chimbuko la wote wawili ni lile lile: wimbo wa Kigregori.

Vierne alikuwa fundi wa kujenga. Alitaka sentensi ya muziki iwe na msingi, kuta na paa. Alimchukua Duruflé kuwa msaidizi wake Notre-Dame mwaka 1927.

Mwanafunzi akabaki katikati. Kwa Tournemire alichukua malighafi, kwa Vierne akachukua mizani na kamba ya timazi. Na mtu anayepima kila tofali hujenga polepole.

Lipo jambo moja nililolipita mara nyingi bila kuliona uzito wake. Baada ya walimu wake kufa, Duruflé alikaa chini na sahani za santuri walizorekodi wakibuni papo hapo, za Vierne za mwaka 1928 na za Tournemire za mwanzo wa miaka ya 1930, akaziandika noti kwa noti. Vipande vitatu vya Vierne, vitano vya Tournemire. Alivitoa katika miaka ya 1950, na leo wapiga kinanda duniani kote wanavipiga kutoka kwenye karatasi yake.

Anayejua sahani za 78, zile za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, ataelewa kazi hiyo ni ya namna gani. Upande mmoja unachukua dakika nne hivi. Sindano inakwaruza. Besi ya pedali haisikiki vizuri, unaikisia kutokana na hamonia iliyo juu yake. Mwangwi wa kanisa unachanganya kodi mbili zikasikika kama moja. Unanyanyua sindano, unairudisha, unaandika nusu mstari, unafuta. Tournemire alipobuni juu ya wimbo wa Pasaka alimimina noti kwa kasi ambayo hata macho yakiwa kwenye karatasi hayaifuati.

Hebu fikiria. Mtu asiyethubutu kuachia kazi zake mwenyewe anatumia miaka kuziokoa kazi ambazo wenye nazo walizitupa hewani bila kujali.

Bado amesimama ubavuni, anavuta stopu.

## La, re, la, la, fa

Jehan Alain alikuwa mpiga kinanda na mtunzi, mdogo wa Duruflé kwa miaka tisa. Aliuawa vitani karibu na Saumur tarehe 20 Juni 1940, akiwa na miaka 29. Mwaka 1942 Duruflé alimtungia opus 7, Prélude et fugue sur le nom d'Alain, na hapa inafaa tufungue mashine tuone inavyofanya kazi.

Kugeuza jina kuwa wimbo ni mchezo wa zamani. Noti zinaitwa kwa herufi A hadi G, na Wajerumani wanaongeza H kwa noti ya si. Herufi nane. Je, jina likiwa na L, I na N? Duruflé aliendeleza alfabeti kwenye mstari wa pili chini ya ule wa kwanza: I ikakaa chini ya A, J chini ya B, K chini ya C, L chini ya D, M chini ya E, N chini ya F. Basi A-L-A-I-N inasomeka A-D-A-A-F: la, re, la, la, fa.

Iimbe. Inaruka kwenda re, inarudi la, inairudia la, inatua fa. Ni wimbo unaoimbika kabisa, na ungekutana nao bila kuambiwa usingeshuku kwamba ni jina la mtu. Bahati hiyo haikuwapata wote waliojaribu mchezo huu.

Preludi inakimbia kwa noti nyepesi, na mwishoni inachomeka kipande cha Litanies, kazi ya Alain mwenyewe inayojulikana kuliko zote. Kisha fuga. Sauti ya kwanza inaleta jina, kwa utulivu, kwa mwendo wa kubembea. Baadaye linaingia wazo la pili lenye noti za haraka. Mwisho mawazo yote mawili yanapigwa pamoja, na mwendo unaongezeka hatua kwa hatua hadi kinanda kizima kinafunguka.

Wapigaji wengi huharibu kazi hii mahali pamoja. Wanaanza fuga kwa kasi, kwa sababu kurasa za kwanza si ngumu. Wakifika pale mawazo mawili yanapokutana hawana tena pa kuongeza, na kilele kinafika kikiwa kimeshachoka. Anza kwa mwendo ambao unaona karibu aibu kwa upole wake. Halafu weka alama kwenye karatasi: hapa stopu za ndimi bado, hapa sanduku la sauti limefungwa nusu, hapa ndipo pa kulifungua. Kwenye kinanda cha mabomba nguvu ya kidole haibadilishi ukubwa wa sauti. Unaongeza safu za mabomba, au unafungua vibao vya sanduku linaloyafunika. Ukivitumia vyote ukurasa wa kwanza umekwisha filisika.

Ndiyo maana mtunzi Francis Poulenc, alipotunga tamasha lake la kinanda, alimwendea Duruflé amsaidie kupanga stopu. Duruflé ndiye pia aliyelipiga hadharani mara ya kwanza, Juni 1939. Ustadi huo hakuutilia shaka. Shaka ilikuwa kwenye noti zake mwenyewe.

## Ile Toccata

Opus 5 ni Suite ya sehemu tatu, ya mwaka 1933: Prélude, Sicilienne, Toccata. Toccata hiyo ni miongoni mwa vipande vinavyopendwa zaidi na wapiga kinanda wenye vidole. Mikono inakimbia bila kupumzika, wimbo unanguruma kwenye pedali.

Mwenyewe hakuipenda. Alirekebisha mwisho wake, na bado hakuipenda. Aliona wazo lake la msingi ni dhaifu. Aliyeipiga kwa raha ni Marie-Madeleine, mke wake wa pili, aliyemwoa mwaka 1953 na ambaye alikuwa mpiga kinanda hodari kwa haki yake; pale Saint-Étienne-du-Mont walishirikiana kiti kimoja.

Mimi nilikuwa upande wa wasikilizaji: kipande kizuri, mzee alijionea tu. Nimeisikiliza tena mara nyingi majuma haya, na nimeanza kumwelewa. Ukiondoa mbio za mikono, ukaimba wimbo wa pedali peke yake, hauna kile ambacho *la, re, la, la, fa* inacho. Unategemea kelele zinazouzunguka. Kwenye kanisa lenye mwangwi wa sekunde nyingi, mpigaji akizidisha kasi kidogo tu, mikono inageuka uji na unabaki na wimbo huo mtupu. Hapo ndipo udhaifu unapoonekana.

Sisemi iachwe. Nasema mtunzi alisikia kitu ambacho makofi yalikifunika.

## Misa iliyoanza bila maneno

Requiem, misa ya wafu, opus 9, ndiyo kazi iliyombeba duniani, na ilianza kama kitu kingine.

Mwaka 1941 serikali ya Ufaransa, ile ya Vichy iliyokuwa chini ya kivuli cha Wajerumani, ilimwagizia kazi ya okestra. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba aliyeiagiza ni mchapishaji wake, Durand, hadi watafiti walipofungua nyaraka. Wapo waliolichukulia hilo kama doa kubwa. Mpango wa serikali kuwaagizia watunzi kazi ulianza 1938, kabla ya vita, na waliopewa walikuwa wa kila mrengo. Hata hivyo ni kweli kwamba pesa hiyo ilitoka kwenye mkono mchafu, na sioni faida ya kulisafisha hilo kwa maneno.

Miaka ikapita, kazi haikutoka. Utawala ule ukaanguka, vita vikaisha, baba yake akafariki. Mezani kwake kulikuwa na vipande vya kinanda juu ya nyimbo za Kigregori za misa ya wafu. Alipokuwa akivifanyia kazi aligundua kwamba hawezi kuutenga wimbo na maneno yake ya Kilatini. Mtoto wa Rouen alikariri vyote pamoja. Basi akaacha kinanda kitupu, akaita kwaya.

Kazi ilimalizika Septemba 1947 na ikasikika mara ya kwanza redioni tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, Roger Désormière akiongoza. Aliitoa kwa kumbukumbu ya baba yake.

Ina sehemu tisa. Kama mtunzi Gabriel Fauré kabla yake, aliuruka ule wimbo mrefu wa siku ya hasira, akabakiza ombi lake la mwisho tu, Pie Jesu. Nyimbo za Kigregori zimo karibu kila mahali. Mwanzoni wanaume wanaimba wimbo wa kuingilia kama ulivyo kitabuni, viola zikitiririka chini yao, wanawake juu wanaimba "a" bila maneno. Katika Kyrie tarumbeta zinaushika wimbo huo wa kale kwa noti ndefu, na kwaya inapita katikati yake.

Na mwisho? In Paradisum, malaika wakuongoze peponi, inaishia kwenye kodi ambayo haijatua. Fa-diyezi yenye septima na nona juu yake, kodi inayodai kwenda mahali. Anaiacha pale. Hakwenda.

Zamani nilidhani ni urembo. Sasa nadhani ni uaminifu: mtu asiyependa kutamka neno ambalo hana hakika nalo.

Aliirudia kazi hii mara mbili: toleo la kwaya na kinanda peke yake mwaka 1948, na la okestra ndogo mwaka 1961, lenye nyuzi na kinanda, tarumbeta, kinubi na timpani ukiwa navyo. Hata baada ya hapo alijutia jambo moja: yale mafungu machache ya baritoni, sauti ya kiume ya katikati. Aliona kwamba kumpa mwimbaji mmoja lilikuwa kosa, heri yaimbwe na sauti nzima ya kwaya. Kwaya isiyo na fedha ya kumlipa baritoni ipokee ruhusa hiyo kwa mikono miwili.

Kwa anayefikiria kuipandisha: toleo la 1948 linavutia kwa sababu mpigaji ni mmoja. Lakini mzigo wa okestra nzima umeshuka kwenye vidole kumi na miguu miwili. Zile noti za viola za mwanzo zinatakiwa ziwe laini na zishikane. Kwenye kinanda cha umeme cha parokia zima kabisa mtetemo wa sauti, la sivyo kwaya itasikika kama inayumba. Ukipata mpiga selo mmoja, mwite kwa ajili ya Pie Jesu. Muda wote ni kama dakika 40. Na mazoezi ya kwanza yaanze na wimbo wa Kigregori mtupu, wote kwa sauti moja, kabla ya kugawana sehemu. Kwaya isiyoujua wimbo wenyewe itaimba mapambo.

## Kipigo kinachotua bila kugonga

Wengi wetu tumemjua Duruflé kwa dakika mbili na nusu tu: Ubi caritas, motet (wimbo mfupi wa kwaya) ya kwanza kati ya nne za opus 10, za mwaka 1960. Alhamisi Kuu ikikaribia, kwaya nyingi zinaitoa kabatini.

Na wengi tunaiimba vibaya. Si kwa noti. Kwa kipigo.

Ukiangalia karatasi utaona baa za vipigo viwili, vitatu, vinne, zikibadilishana bila mpango unaoonekana. Mwalimu wa kwaya anafanya alichofundishwa: anapiga kipigo cha kwanza cha kila baa kwa nguvu. Matokeo ni gari juu ya barabara ya matuta.

Duruflé alifuata njia ya watawa wa Solesmes. Kwao wimbo wa Kigregori una kipimo kimoja kidogo kisichogawanyika, na vipimo hivyo vinakusanyika viwili viwili au vitatu vitatu. Mwanzo wa kila kundi ni mahali pa kutua, kama mguu unavyotua mtu anapotembea. Hakuna anayekanyaga kwa kishindo ili ajue ametembea. Nguvu ya sauti inafuata neno la Kilatini: *cá-ritas*, silabi ya kwanza, iwe imeangukia mwanzo wa baa au katikati.

Zoezi linalosaidia: wanakwaya wasome maneno kwa mwendo wa kawaida, bila wimbo, mkono ukitua kidogo juu ya paja mwanzo wa kila kundi. Mbili, tatu, mbili, mbili, tatu. Mkono usigonge. Wakishalizoea, ongeza wimbo kwa sauti moja, mwisho kabisa hamonia.

Wanaotumia solfa wana mtego wa ziada. Ukihamisha motet hii kutoka noti za mistari, mistari ya baa na nukta pacha lazima zihamishwe jinsi zilivyo. Mwandishi akizilazimisha zote ziwe za vipigo vinne ili karatasi ipendeze, kila kitu kimekwisha kabla kwaya haijafungua kinywa.

Jambo jingine: wimbo wa mwanzo ni wa alto. Soprano wananyamaza na kungoja hadi Exsultemus. Katika kwaya zetu, ambapo soprano ndiyo sauti ya kwanza kwa jina na kwa heshima, kuna mkono utakaonyooshwa kuomba wimbo huo. Usiutoe. Rangi nzima ya kipande iko kwenye sauti ile ya chini, ya joto, isiyojionyesha.

## Namba 116 na namba 119

Hapa ndipo penye mwiba wangu.

Miaka mitatu baada ya motet hizo, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya liturujia. Ina sura kuhusu muziki. Namba 116 inaupa wimbo wa Kigregori nafasi ya kwanza katika liturujia ya Kirumi. Namba 120 inataka kinanda cha mabomba kiheshimiwe sana. Kati yao, namba 119 inasema kwamba katika nchi za misioni muziki wa jadi wa watu wenyewe upewe nafasi yake.

Ukurasa ni mmoja.

Ufaransa ilipita haraka juu ya 116. Kilatini kilitoka makanisani ndani ya miaka michache, na nyimbo alizozikariri Duruflé tangu miaka kumi zikatoka nacho. Aliumia, na hakuficha; alipinga waziwazi. Mwaka 1966, wakati wenzake walikuwa wakitafuta nyimbo za Kifaransa zenye gitaa, yeye alitoa Messe Cum jubilo, opus 11: Kilatini kitupu, wimbo wa Kigregori, sauti za baritoni zikiimba zote wimbo mmoja. Hata hamonia ya kwaya aliiondoa. Ni kama mtu anayeshika kitu kwa mikono miwili wakati mto unapita.

Na mto huo ndio uliotunywesha sisi. Namba 119 ndiyo iliyoifungulia mlango ngoma, kayamba na misa ya Kiswahili ambayo bibi yangu na wako waliimba wakijua wanachosema. Siwezi kumlilia Duruflé kana kwamba sikupata kitu. Siwezi pia kumcheka kwamba alikuwa mzee aliyegoma. Alichokuwa akikitetea kilikuwa wimbo wake wa utotoni, lugha ya nyumbani kwake, na hicho ndicho hasa sisi tulichopewa haki ya kukiimba.

Kila nilipojaribu kuzipatanisha hizo namba mbili, moja ilidondoka.

## Mlango wa pili

Tarehe 29 Mei 1975, Duruflé na mkewe walipata ajali ya gari karibu na Valence. Marie-Madeleine aliumia vibaya lakini alirudi kwenye kinanda. Yeye hakurudi. Alibaki kwenye nyumba yao, namba 6 place du Panthéon, hatua chache kutoka kanisa ambalo roshani yake hakuweza tena kuipanda. Alifariki tarehe 16 Juni 1986.

Katika miaka hiyo kumi na moja aliandika kipande kimoja tu chenye namba. Opus 14, mwaka 1977. Ni sala ya Baba Yetu, aliyomtolea Marie-Madeleine.

Ameitunga kwa Kifaransa.

Aliyekataa kuona Kilatini kikiondoka, neno lake la mwisho lilikuwa kwa lugha ya waumini waliokaa kwenye viti kule chini. Sijui kama alikuwa amesalimu amri, au amechoka, au aliona tu kwamba maneno hayo, kwa lugha yoyote, hayahitaji mlinzi. Aliyatungia kwanza wimbo wa sauti moja, kisha akayapanga kwa sauti nne, noti chini ya silabi, silabi chini ya noti, bila kurudia neno hata moja.

Kwaya yoyote ya parokia inaiweza. Hailazimu kinanda, na ni chini ya dakika mbili.